Mwezi Nilioupiga Msasa

Mwanangu Rukia,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Sasa mie nitakuulizaje hali, na asubuhi hii tumekunywa chai pamoja ukanilia mhogo wangu wa mwisho? Najua u mzima. Uko Sinza kwa rafiki yako unasukwa nywele za safari, na kwa foleni za mji huu hutafika Mtoni kabla ya Magharibi. Basi nimepata nafasi ya kusema mambo bila kukatizwa. Maana we mtoto unakatiza! Hilo umelirithi kwa mama yako, mie simo.

Naandikia kwenye benchi la kazi, nimesukuma vumbi la mpingo kwa kiwiko. Ukiona karatasi ina weusi weusi, ndiyo hiyo. Sitakwambia habari za koti, wala pasi ya kusafiria, wala ule nini huko kwenye theluji. Mjomba wako Hamisi amejipa kazi hiyo, na unavyomjua, ataanza kuusia hapa mlangoni na kufika uwanja wa ndege hajamaliza.

Mie nina moja tu. Juzi tulipokuwa tunaanua nguo, ulisema taratibu, kama mtu anayeongea na kamba: "Baba, nimefikiria. Naweza kuwaomba chuo waniahirishie mwaka mmoja. Mwaka tu. Mie nikiondoka, nani atakaa na wewe?"

Nikakuuliza vibanio viko wapi. Nilisikia, Rukia. Nilisikia vizuri sana. Barua hii ndiyo jibu langu. Kesho unapanda ndege. Nitakueleza kwa nini, ila nitaanzia mbali, kwa sababu mie ni mchongaji, na mchongaji haanzi na pua.

Unaukumbuka ule mwezi?

Ulikuwa sekondari, shule yenu inaandaa maonyesho ya sayansi. Wenzako wanachora mabango, wewe ukaja hapa karakana na sare yako, mkoba haujatua hata chini. "Shikamoo baba. Nichongee mwezi." Nikacheka. Mie nachonga watu waliobebana mpaka juu kama mnara, kila mmoja na sura yake, unanipa kazi ya kuchonga mpira? Ukanikunjia uso. Ukasema si mwezi huu wetu, ni mwezi wa Jupita, ile nyota kubwa nyeupe ambayo wazee wa pwani wanaiita Mshtarii. Kumbe ina miezi mingi, lakini minne ndiyo mikubwa, na wewe umeuchagua wa nne, wa nje kabisa. Kalisto.

"Kwa nini huo?"

"Kwa sababu hakuna anayeutaka."

Ukanieleza kwamba darasani kila mtu aligombea ule wa kwanza unaotapika moto, ama wa pili wenye barafu laini. Kalisto wamekuachia. Mwezi wenyewe unapigwa mawe tu tangu dunia haijatulia, na hakuna pahala pake pasipo na shimo. Nikasema huyu ni mwanangu kweli, hata sokoni huwa anaokota nyanya iliyobonyea.

Nikakuchagulia mpingo, moyo mtupu, mweusi usio na mshipa. Nikauchonga duara ukakaa. Nikakuachia hapa kwenye benchi, mie nikapeleka kazi za watu kule Mwenge kwenye soko la vinyago. Wewe ukachukua chaki na kitabu chako, ukaweka alama, ukaanza kuchimba vishimo kimoja kimoja kwa patasi yangu ndogo. Siku nzima ya Jumamosi hukuinuka. Mama yako alikuletea ugali ukapoa.

Mie nikarudi jioni, naukuta mpira wangu una ndui!

Sasa nikueleze kitu ambacho siku ile sikuweza, kwa sababu ulikuwa unalia na mie nilikuwa najitetea. Kwetu sie wachongaji, shimo kwenye kazi iliyokwisha ni patasi imeponyoka. Basi. Hakuna maana nyingine. Aliyenifundisha mie, kule Newala, alikuwa anafumba macho anapitisha kiganja juu ya mti, na kiganja kikikwama mahali, nakula kofi hapohapo. Mkono upite usikute kitu, huo ndio ufundi. Kwa hiyo nilipoona vile vishimo nikasema, masikini mwanangu, kajitahidi lakini mkono bado. Ngoja nimsaidie kimyakimya asione aibu.

Nikausaidia, bwana we! Nikapiga tezo nyepesi, nikapiga msasa mkali, nikapiga msasa laini, nikapaka nta nikasugua kwa kitambaa mpaka nikaona meno yangu humo. Asubuhi nikauweka mezani, nikaufunika na kitambaa cha mama yako cha maua, nikakaa nasubiri kushukuriwa.

Ukaja ukafunua. Kisha ukapiga ukelele uliowatoa majirani: "Baba! Umefuta mwezi!" Ukaja kukaa hapa chini kwenye maranda ukalia huku unarusha miguu. Mie nimesimama na kitambaa mkononi, sielewi kosa langu liko wapi. Na mama yako, Mungu amrehemu, badala ya kutuamua akashika ukuta kwa kucheka. "Huyu mwanaume," akasema, "angepewa dunia hii, angeipiga msasa milima yote."

Ndipo akaingia mjomba wako. Hamisi na mie tulikuwa hatuongei vizuri wakati ule, unajua sababu. Alikuwa anachukua mti mweupe laini, anaupaka dawa ya viatu, anawauzia wageni akisema ni mpingo. Nilimwambia kwamba anatutia aibu Wamakonde wote, walio hai na waliolala. Sasa yeye akasikia kilio, akaenda kwake akarudi na duara moja alilokuwa ameliandaa liwe kichwa cha sanamu, limepakwa weusi tii. "Mjomba, chukua hili. Ni feki kama anavyosema baba yako, lakini ni la kwako."

Ukalipitishia patasi kidogo. Ngozi nyeusi ikachanika, weupe ukatokeza. Ukaacha kulia palepale. "Hilihili! Kalisto uko hivihivi!"

Ukatueleza sote watatu tumesimama kama wanafunzi. Kwamba mwezi ule juu ni vumbi jeusi la zamani, na chini ya vumbi ni barafu. Jiwe likianguka toka angani linapasua weusi na weupe wa ndani unatoka, kwa hiyo mashimo mapya yanang'aa na ya zamani yamefifia. Mpingo wangu ni mweusi mpaka rohoni, haufai. Feki ya Hamisi ndiyo kweli. Lo! Mjomba wako mpaka leo akitaka kunishinda kwenye ubishi wowote, hata wa mpira, ananiuliza tu, "Vipi, shemeji, Kalisto ni mti gani?"

Nakumbuka alasiri ile kuliko siku ya harusi yangu. Jua liko kwenye bati, redio ya jirani inapiga singeli, nyie mmekaa kwenye maranda na mimi nimeshika duara kati ya magoti. Wewe una chaki unatuamrisha: hapa, na hapa, pale acha. Hamisi akapiga mstari wa vishimo vilivyofuatana kwa kichwa cha msumari, ukasema hiyo ni nyotamkia iliyopita karibu mno na Jupita ikakatikakatika, vipande vikaanguka kwa foleni. Mie nikapiga vyangu. Ukanikemea: "Baba, unapanga! Mawe hayapangi!" Kweli nilikuwa napanga. Mkono wangu haujui kupiga ovyo.

Ndipo mama yako akatoka kwenye meza yake ya kuuzia maharage na unga, ana lile jiwe la mizani mkononi, la nusu kilo, maana alikuwa amemwacha mteja anasubiri. "Na mie nipige langu." Kabla hujamwonyesha mahali, paa! Mwanamke alikuwa na nguvu yule. Ukingo wa chuma ukala mti, likatoka shimo kubwa jeupe, na duara likanitoka magotini likaviringika mpaka mlangoni. Mama yako akaweka mkono mdomoni. "Jamani nimeliharibu."

Wewe unafunua kitabu mbiombio. Ukatuonyesha picha. Kalisto una bonde moja kubwa kuliko yote, wameliita Valhala, katikati yake peupe, na limezungukwa na duara juu ya duara, kama maji ya karai ukidondosha kitu, ila haya yameganda. "Mama amepiga Valhala!" Nikachukua patasi nikalichongea yale maduara kulizunguka shimo la mama yako, moja baada ya jingine, mpaka yakafika upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na haiuzwi.

Jioni moja baadaye mwalimu wako akakuazima darubini, tukaiegemeza kwenye ngazi hapa uani. Ukasema Jupita hiyo, angalieni pembeni yake. Mie nikaona kitone kikubwa na vitone vinne vimejipanga. Ukasema mtu wa kwanza kuviona alikuwa Mtaliano mmoja, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na kidarubini kisichoshinda hiki. Mama yako hakujali Mtaliano. Akauliza, "Wetu upi?" Ukamwonyesha wa mbali kuliko wote, na ukasema huko nje ni salama zaidi, maana Jupita inarusha mionzi mikali inayochoma miezi ya karibu, na kama binadamu watafika huko siku moja, labda watapiga kambi Kalisto kwanza. Mama yako akatikisa kichwa ameridhika. "Basi huo unakaa mwisho wa mtaa kama sie. Mbali na fujo." Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya kushuka mtoni, na tangu siku ile kila Jupita ikionekana alikuwa anasema, "Haya, jirani katoka."

Siku hizi nikiiona nasema mwenyewe. Nasema kwa sauti. Wapita njia wananishangaa.

Sasa nije kwenye pua.

Mama yako alipotangulia, mie nilifanya kosa la pili, na hili ni kinyume cha la kwanza. Kwenye mti nilisugua kila kitu. Nyumbani sikugusa kitu. Kanga yake ya mwisho bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Kigoda chake kiko palepale na watu wanakizunguka. Mizani yake iko juu ya kabati, na mawe yake yote, na wewe ulipotaka kuvipangusa vumbi nilikupigia kelele. Nisamehe kwa kelele zile. Ulinijibu neno moja tu: "Baba, humu ndani hakuna kinachohama." Ukaenda kuosha vyombo.

Nilielewa ulichosema, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Ule mwezi wa kwanza, unaotapika moto, hauna shimo hata moja, kwa sababu kila likitokea moto unalifunika. Kalisto ndani yake haukuwahi kuchemka hivyo. Kila kilichoupiga kiko palepale, na uso uleule umeelekea Jupita siku zote, haugeuki. Ukaniangalia mie nimekaa mbele ya kabati, nimeelekea mizani, ukaona Kalisto. Ndiyo maana unataka kuahirisha. Unaogopa kwamba ukifunga mlango kesho, utanifungia humu ndani.

Lakini mwanangu, mbona umesahau nusu ya somo lako mwenyewe?

Wewe ndiye uliyenisomea, umekaa kwenye hichohicho kigoda kabla sijakipiga marufuku. Kwamba kuna chombo cha angani kiliwahi kuzunguka huko kwa Jupita miaka mingi, kikapita karibu na Kalisto mara kadhaa, hakikutua. Kikapima tu jinsi usumaku wa Jupita unavyopinda ukifika pale. Wataalamu wakaangalia vipimo wakashtuka. Inaelekea chini kabisa ya barafu ile iliyochakaa kuna bahari, maji ya chumvi, giza tupu, ila maji. Ule mwezi ambao kila mtu aliusema umekufa! Mie nilikuelewa haraka siku ile, unakumbuka? Nikasema hata sie hufanya hivyo. Ukitaka kujua mti una nini ndani huupasui. Unaugonga kwa nyuma ya tezo, unasikiliza.

Basi nigonge, Rukia. Usinitazame uso. Bibi yako, uliyepewa jina lake, alikuwa na nembo za Kimakonde usoni, chale toka paji mpaka kidevu. Watoto wa huku Temeke walikuwa wakimwona wanakimbia, na yeye anacheka anawaita awape karanga. Alikuwa anasema uso mtupu haumwambii mtu umetoka kwa nani. Nilipokuwa kijana nilimwonea haya nikitembea naye. Sasa hivi natamani kumshika uso ule kwa viganja viwili.

Mie si mfu. Nina huzuni, ndiyo, na kesho nitakuwa na huzuni mbili. Nitalia, wala sitajificha, na mjomba wako atapata la kunicheka. Lakini nina kazi ya Mwenge wanaisubiri. Nimejifunza kupika maharage, yale ya juzi yaliungua kwa sababu nilikuwa nabishana na Hamisi kuhusu refa. Mtu anayebishana kuhusu refa mpaka maharage yanaungua hajafa. Na ukibaki hapa mwaka mzima kunilinda, ndipo utaniua kweli, kwa sababu nitakuwa naamka kila asubuhi naona nilichokuzuia.

Na usidhani kwenda mbali ni kuachana. Ulinionyesha mwenyewe kwenye simu yako, kuna chombo kingine kiko njiani hivi sasa, kinakwenda hukohuko kwenye miezi ya Jupita, na Kalisto kitaupitia mara nyingi. Nilidhani kimerushwa moja kwa moja kama jiwe la manati. Ukaniambia hapana baba, ni mbali mno, hakiwezi kwa mpigo mmoja. Kinazunguka Jua, kinarudi kupita karibu na Dunia, kinachota kasi hapa nyumbani, ndipo kinaondoka kwa nguvu zaidi. Mie hesabu yake siijui, lakini hilo nimelielewa. Wewe nenda. Ukirudi likizo, pita hapa mwisho wa mtaa uchote kasi, ule mhogo wangu tena, uondoke.

Sasa jambo la mwisho. Leo mchana nimelitoa lile duara kwenye shubaka, nimelifuta vumbi, nimekaa nalo. Nikatafuta shimo la kila mtu. Mstari wa Hamisi huu hapa. Vya kwangu hivi, vimepangika, aibu tupu. Valhala ya mama yako imeanza kufifia, dawa ya viatu imeingia humo kwa miaka yote tuliyolishikashika. Nikageuza, nikageuza tena, natafuta lako.

Huna. Ule mkwaruzo wako wa kujaribia umemezwa na maduara ya Valhala, na baada ya hapo ulishika chaki tu. Ulituonyesha mahali pa kupiga, wewe hukupiga. Na tangu hapo hujaacha, mwanangu, unashika chaki ya maisha ya watu wengine, unaangalia nani apige wapi, baba ale nini, baba abaki na nani.

Kwa hiyo ukirudi kutoka Sinza utakuta duara liko juu ya begi lako. Halisafiri, linabaki kwangu. Pembeni yake nimekuwekea lile jiwe la mizani la nusu kilo. Ndiyo, hilohilo. Nimelishusha mwenyewe kutoka juu ya kabati, na pale lilipokuwa pamebaki duara safi katikati ya vumbi, nikapafuta pia. Kigoda nimekileta hapa karakana, na ndicho nilichokalia naandika.

Kesho asubuhi, kabla Hamisi hajaanza kupiga honi, chagua mahali popote. Usiweke alama ya chaki. Piga kwa nguvu kama mama yako, mpaka weupe utoke, halafu beba begi lako uende. Usiogope kuniharibia. Msasa wote uliokuwa humu ndani nimempa mjomba wako auondoe nyumbani.

Baba yako